Dawa za virusi na kizuizi cha damu na ubongo

Upenyaji wa dawa za virusi katika ubongo ni safari ya dawa kutoka kwenye damu hadi kwenye tishu za ubongo, mahali ambapo baadhi ya virusi huzaliana au hujificha. Safari hiyo huzuiwa na ukuta mwembamba wa seli unaoitwa kizuizi cha damu na ubongo. Kwa sababu ya ukuta huo, dawa inayosafisha virusi katika damu inaweza kufika kidogo tu katika ubongo wa mgonjwa yuleyule.

Haiwezekani kukata kipande cha ubongo wa mtu aliye hai ili kupima dawa iliyomo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu safari hii imetokana na wanyama: panya, sungura, mbwa na kima. Kiswahili hutumia neno moja, panya, kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha. Katika makala hii "panya mdogo" ni yule wa gramu 20 hadi 40, na "panya mkubwa" ni yule anayeweza kufikia gramu 300 au zaidi.

Katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria, ambayo hospitali yake ya rufaa ni Bugando jijini Mwanza, suala hili linagusa magonjwa kadhaa: UKIMWI kwanza, kisha malengelenge ya herpesi, kichaa cha mbwa na, tangu mwaka 2023, homa ya Marburg.

Kizuizi chenyewe

Mwaka 1885 daktari Mjerumani Paul Ehrlich aliripoti kwamba rangi alizoingiza katika damu ya wanyama zilipaka karibu viungo vyote isipokuwa ubongo. Alidhani ubongo haupendi rangi hizo. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann alilifanya jaribio kinyume mwaka 1913: aliweka rangi ya buluu katika majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na safari hii ubongo ulipakwa rangi huku viungo vingine vikibaki safi. Kwa hiyo tatizo halikuwa ubongo kuikataa rangi, bali kuwapo kwa kitu kati ya damu na ubongo. Kitu hicho kilionekana mwaka 1967, pale Thomas Reese na Morris Karnovsky walipotumia hadubini ya elektroni kuchunguza ubongo wa panya wadogo. Seli zinazotandaza ndani ya kapilari za ubongo zimeshonwa pamoja bila nafasi, tofauti na kapilari za misuli au ngozi ambazo zina mianya midogo.

Molekuli ndogo inayoyeyuka katika mafuta inaweza kupita ndani ya seli hizo. Molekuli kubwa, au yenye chaji ya umeme, au iliyoshikamana na protini za damu, hubaki nje. Baadhi ya vyakula kama glukosi vina milango yao maalumu.

Pampu zinazorudisha dawa

Kuna dawa ambazo kwa umbile lake zingepaswa kupita kirahisi, lakini hazionekani ubongoni. Sababu ilipatikana kwa bahati mbaya huko Amsterdam. Kundi la watafiti likiongozwa na Alfred Schinkel na Piet Borst lilikuwa limezalisha panya wadogo wasio na jeni ya pampu iitwayo P-glikoprotini. Walionekana wazima kabisa. Kisha chumba chao kilipatwa na utitiri, wakapuliziwa ivermektini kama ilivyo kawaida. Panya wa kawaida hawakudhurika. Wale wasio na pampu karibu wote walikufa. Ubongo wao ulikutwa na ivermektini karibu mara 90 zaidi ya ubongo wa wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1994.

Watanzania wengi wameimeza ivermektini, kwa jina la Mectizan, katika kampeni za kutokomeza usubi au matende na mabusha. Inamezwa kwa usalama kwa sehemu kubwa kwa sababu pampu hiyo, iliyopo katika kapilari za ubongo wa binadamu pia, huitupa dawa nje mara inapojaribu kuingia. Mbwa wengi wa aina ya collie wana kasoro katika jeni hiyohiyo na hulewa vibaya kwa dozi ambayo mbwa wengine huihimili.

Miaka minne baadaye pampu hiyo iliunganishwa na dawa za VVU. Panya wadogo wasio na P-glikoprotini walipodungwa indinaviri, nelfinaviri au sakwinaviri, dawa za kundi la vizuizi vya protease, kiasi kilichoingia ubongoni kilikuwa mara 7 hadi 36 zaidi ya kile cha panya wa kawaida. Dawa hizo zilikuwa zimeokoa maisha ya wagonjwa katika nchi tajiri tangu 1996, lakini sasa ikaonekana kwamba ubongo ulikuwa unazifukuza.

Jinsi ya kupima

Njia ya kwanza ni kumuua mnyama baada ya muda maalumu, kusaga ubongo na kupima dawa. Ni rahisi, ila ina mitego miwili. Mishipa ya ubongo hubaki na damu, na damu hiyo ina dawa. Isipooshwa, mtafiti atahesabu dawa ambayo haikuingia popote. Pia kusaga huchanganya dawa iliyo huru na ile iliyonasa katika mafuta ya ubongo, na iliyonasa haiui virusi.

Njia ya pili ni maikrodayalisisi. Mrija mwembamba wenye utando huingizwa ubongoni mwa panya mkubwa au sungura aliye hai, na dawa iliyo huru huchujwa kidogokidogo kwa saa kadhaa. Kwa njia hii, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilionekana kwamba zidovudini, dawa ya kwanza ya VVU, hutolewa ubongoni kwa kasi kuliko inavyoingia, na kwamba sungura akipewa pia probenesidi, dawa ya zamani ya jongo, zidovudini hubaki zaidi.

Njia ya tatu ndiyo pekee inayotumika sana kwa binadamu: kuchoma sindano mgongoni na kupima majimaji ya uti wa mgongo. Wengi huyachukulia majimaji hayo kama dirisha la ubongo. Ni dirisha lenye ukungu. Majimaji hayo hutengenezwa na mishipa mingine, yenye kizuizi tofauti, na kiwango chake si lazima kilingane na cha tishu. Mfano unaowashangaza wanafunzi wa udaktari hautoki kwa virusi bali kwa fangasi wa kriptokokasi, wanaosababisha homa ya uti wa mgongo kwa wenye UKIMWI: flukonazoli huingia vizuri katika majimaji hayo, amfoterisini B karibu haionekani humo, na bado amfoterisini B ndiyo inayowaua fangasi haraka zaidi.

Ziwa Viktoria na wanyama wa maabara

Ufuko wa ziwa hili una historia ndefu katika utafiti wa magonjwa ya ubongo, hasa upande wa Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi mno kandokando ya ziwa na visiwani, na mwaka 1903 timu iliyokuwa Entebbe, ikiwa na Aldo Castellani na David Bruce, iliwaona vimelea vya ugonjwa huo katika majimaji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Malale si virusi, lakini ndiyo yaliyofundisha somo hili kwanza. Suramini, iliyoanza kutumika miaka ya 1920, husafisha vimelea katika damu. Wakishaingia ubongoni haiwafikii. Melasoproli ya mwaka 1949 huwafikia, ila ina aseniki na huua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 wanaotibiwa nayo. Mwaka 1977 ilithibitishwa kwa panya wadogo kwamba ugonjwa unaorudi baada ya tiba unatoka ubongoni: damu ilikuwa safi kwa wiki kadhaa, kisha vimelea wakashuka tena. Baadaye watafiti wa Muguga, Kenya, walitumia tumbili kujaribia dawa za hatua hiyo ya pili.

Entebbe ndipo pia ilipoanzishwa, mwaka 1936, taasisi ya utafiti wa homa ya manjano chini ya Rockefeller Foundation. Humo virusi vya Nile Magharibi (1937), vya Msitu wa Semliki (1942) na vya Zika (1947) vilitambuliwa, kila kimoja kwa kudunga sampuli moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya wadogo na kusubiri kama wangeugua. Virusi vya chikungunya, kutoka katika mlipuko wa Newala wa 1952 na 1953, vilipatikana Entebbe kwa njia hiyohiyo.

Njia ya Entebbe ilikuwa nzuri kwa kuwinda virusi. Kwa kupima dawa ina dosari, kwa sababu sindano huvunja kizuizi palepale inapopita, na dawa inaweza kupenya kwenye kidonda hicho. Watafiti wa siku hizi hupendelea kumwambukiza mnyama chini ya ngozi, puani au machoni, ili virusi vifike ubongoni kwa njia zake na dawa ifike kwa njia yake. Virusi vya Msitu wa Semliki bado vinatumika sana kwa kazi hii, kwa kuwa baadhi ya aina zake huingia ubongo wa panya mdogo bila kumuua.

Herpesi na asiklovia

Virusi vya herpesi ndivyo vyenye dawa inayofanya kazi vizuri kuliko zote dhidi ya kuvimba ubongo. Bila tiba, karibu asilimia 70 ya wagonjwa hao hufa. Jaribio lililochapishwa mwaka 1986 lilionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 28 kwa waliopewa asiklovia, na asilimia 54 kwa waliopewa vidarabini, dawa ya zamani zaidi.

Asiklovia huingia katika majimaji ya uti wa mgongo kwa takriban nusu ya kiwango chake katika plazma, ambacho ni kiasi kikubwa kwa dawa ya aina hii. Lakini ikimezwa, ni asilimia 15 hadi 30 tu inayofika kwenye damu. Ndiyo maana mgonjwa wa ubongo hapewi vidonge: hudungwa mshipani miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa nane, kwa siku 14 hadi 21. Mtu aliyeanza kupata nafuu akarudishwa nyumbani na vidonge siku ya tano yuko hatarini, hata kama dawa ni ileile.

Mwanza inaijua asiklovia kwa sababu nyingine. Kati ya 1991 na 1994 jaribio maarufu lililofanyika katika jamii 12 za mkoa huo lilionyesha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kwa kuwa vidonda vya herpesi hufungulia VVU mlango, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ya Mwanza na wenzao wa London walijaribu baadaye kuwapa asiklovia, miligramu 400 mara mbili kwa siku, wanawake wanaofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na sehemu kama hizo kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Wanawake 821 walishiriki. Matokeo ya mwaka 2008 yalikuwa wazi: asiklovia haikupunguza maambukizi ya VVU.

Majaribio ya panya wadogo na sungura yanasaidia kuelewa kwa nini herpesi ni vigumu kuing'oa. Virusi vikiwekwa jichoni au mguuni hupanda kwenye mshipa wa fahamu hadi kwenye kifundo cha neva na kulala humo. Dawa ikitolewa mapema mno, virusi vinavyolala huwa vichache. Vikishalala, dawa haivigusi, kwa sababu asiklovia huamshwa na kimeng'enya cha virusi vinavyozaliana, na virusi vilivyolala havikitengenezi. Kwa hiyo hapa dawa kufika si tatizo. Inafika na kukuta mlengwa wake amezima taa.

VVU katika ubongo

VVU huingia ubongoni mapema, vikibebwa na seli nyeupe zinazopenya kizuizi, na hukaa hasa katika makrofaji na seli za mikroglia. Neva zenyewe haviziambukizi kwa kiasi kikubwa, lakini uvimbe unaoandamana navyo huziharibu. Kabla ya dawa, wagonjwa wengi wa UKIMWI walimaliza maisha yao wakiwa wamepoteza kumbukumbu na uwezo wa kutembea. Siku hizi hali hiyo kali ni nadra. Iliyobaki ni ile nyepesi zaidi, ambayo ndugu huielezea kwa kusema tu kwamba "amekuwa mzito".

Mnyama anayefaa zaidi kuchunguza jambo hili ni kima wa Asia aitwaye makaku, akiambukizwa virusi vya jamii ya VVU viitwavyo SIV. (Tumbili wetu wa Afrika Mashariki hubeba SIV yao kwa asili bila kuugua, kwa hiyo hawafai kwa kazi hii, ingawa kinga yao ni fumbo linalovutia.) Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, makaku wenye mkia kama wa nguruwe huambukizwa kwa mchanganyiko wa virusi ambao hufika ubongoni ndani ya siku kumi, na wengi wao huvimba ubongo ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2017 kundi hilo liliripoti jambo zito zaidi. Makaku waliokuwa wamenywa dawa kwa muda mrefu, virusi vikiwa havionekani katika damu wala majimaji ya uti wa mgongo, walipewa dawa za kuamsha virusi vilivyolala. Katika mmoja wao virusi vilipanda katika majimaji ya uti wa mgongo, huku damu ikibaki karibu kimya. Kwa wale wanaotafuta tiba ya kuponya kabisa VVU, mnyama huyo mmoja ni onyo kwamba ubongo unaweza kuwa ghala la peke yake.

Tanzania ilianza kutoa dawa za ARV bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Mchanganyiko uliotumika kwa miaka mingi ulikuwa na efavirenzi, na kila mhudumu wa kliniki anakumbuka malalamiko yake: ndoto za kutisha, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu. Wagonjwa walishauriwa kuimeza usiku. Malalamiko hayo yalikuwa yenyewe ushahidi kwamba dawa inafika kichwani, lakini vipimo vilionekana kusema vingine, kwani katika majimaji ya uti wa mgongo efavirenzi haizidi sana asilimia 0.5 ya kiwango cha plazma. Kitendawili hicho kilipata jibu la sehemu mwaka 2017: panya wakubwa waliopewa efavirenzi kwa wiki kadhaa walikutwa na dawa nyingi katika tishu za ubongo kuliko katika plazma. Dawa hiyo hupenda mafuta na hujikusanya humo.

Wingi wa dawa katika damu nao hutofautiana kati ya watu. Efavirenzi huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2B6, na jeni yake ya aina ya polepole ni ya kawaida kwa Waafrika wengi. Utafiti wa mwaka 2013 uliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia ulikuta Watanzania wakiwa na viwango vya juu zaidi vya dawa hiyo katika plazma. Panya wa maabara, ambao ni ndugu wa damu moja kwa vizazi vingi, hawawezi kuonyesha tofauti ya namna hii.

Tangu 2019 nchi imehamia kwenye kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kinachojulikana kliniki kwa kifupi cha TLD. Tenofoviri huingia kidogo katika majimaji ya uti wa mgongo, karibu asilimia 5 ya plazma. Dolutegraviri husukumwa nje na P-glikoprotini na zaidi ya asilimia 99 yake hushikwa na protini za damu. Hata hivyo kile kidogo kinachopita kinalingana na dawa iliyo huru katika plazma, na kinatosha kuzuia virusi. Kuhesabu asilimia peke yake, basi, kunapotosha: asilimia 1 ya dawa kali inaweza kufanya kazi ambayo asilimia 50 ya dawa dhaifu haiiwezi.

Mwaka 2008 Scott Letendre na wenzake nchini Marekani walipendekeza kuzipa dawa za VVU alama kulingana na uwezo wake wa kupenya. Wagonjwa wenye mchanganyiko wa alama za juu walikuwa na virusi vichache katika majimaji ya uti wa mgongo. Lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana kama walikuwa pia na akili nyepesi zaidi, na nyingine zilidokeza kwamba dawa nyingi ubongoni zinaweza kudhuru neva. Kwa maoni ya wengi alama hizo hazitoshi kumbadilishia dawa mgonjwa ambaye damu yake haina virusi vinavyoonekana na hana dalili yoyote. Mwenye dalili mpya za ubongo ni habari nyingine: kuna wagonjwa wachache ambao damu yao ni safi lakini virusi vinazaliana katika majimaji ya uti wa mgongo, na hao hawatambuliki kwa kipimo cha damu pekee.

Kichaa cha mbwa

Virusi vya kichaa cha mbwa havipiti katika damu hata kidogo. Hupanda ndani ya neva kutoka kwenye kidonda hadi ubongoni, na vikifika huko kizuizi hubaki kimefungwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika panya wadogo imeonekana kwamba aina dhaifu za virusi hivyo hukifungua kizuizi, seli za kinga zikaingia na mnyama akapona. Aina kali za mitaani hukiacha kimefungwa na mnyama hufa. Favipiraviri, dawa iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya mafua, iliwasaidia panya ilipotolewa muda mfupi tu baada ya maambukizi. Hakuna dawa iliyothibitishwa kumponya mtu aliyekwisha kuonyesha dalili. Kinachookoa ni kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni na kuwahi chanjo siku hiyohiyo, wakati virusi vikiwa bado njiani.

Marburg, Ebola na remdesiviri

Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa Marburg, katika Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafa. Mlipuko wa pili ulitangazwa Januari 2025 katika Wilaya ya Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuugua walifariki.

Marburg na binamu yake Ebola huua kwa kushambulia mwili mzima, lakini kwa wanaopona virusi vinaweza kubaki mahali ambapo kinga haifiki vizuri: korodani, macho na ubongo. Mwaka 2022 watafiti wa jeshi la Marekani waliripoti kwamba kati ya makaku 36 waliopona Ebola kwa tiba ya kingamwili, 7 walikuwa bado na virusi katika vyumba vya ndani vya ubongo, na baadhi yao waliugua tena na kufa. Kingamwili ni molekuli kubwa, na kizuizi huziacha nje karibu zote.

Remdesiviri ni ndogo zaidi. Katika makaku waliodungwa dawa hiyo ikiwa imewekewa alama ya mionzi, mwaka 2016, ilionekana katika korodani, macho na ubongo ndani ya saa nne. Ubongoni ilikuwa kidogo kuliko katika viungo vingine, lakini baada ya wiki nzima ilikuwa bado humo, kwa kiwango kilichozidi kile cha plazma. Kinachopimwa kwa mionzi, hata hivyo, ni alama na si lazima iwe dawa iliyo hai, kwani remdesiviri hugeuzwa mara kadhaa ndani ya seli kabla ya kufanya kazi.